Wito wa Harambee: Chumba cha Historia ya Vita vya Bonde la Lukuledi

Ndugu wazazi, wahitimu wa shule yetu, wanavijiji wa Mtama, Nyangao na Mahiwa, na ninyi wana wa Lindi na Mtwara mnaoishi mbali na nyumbani,

Bodi ya shule na kamati ya wazazi tunawaomba mchango wa kukamilisha chumba cha historia katika shule yetu ya sekondari ya kata. Boma lilisimamishwa kwa nguvu za wananchi na limekwisha kuezekwa. Yamebaki madirisha, sakafu, makabati yenye kufuli, ramani kubwa za ukutani na vinasa sauti vya kurekodia simulizi za wazee. Kiasi kinachohitajika ni shilingi 18,500,000.

Wapo watakaouliza kwa nini tujenge chumba hiki ilhali madawati bado hayatoshi. Swali hilo ni la haki, na michango ya madawati inaendelea kwa utaratibu wake. Lakini madawati yanaweza kununuliwa hata mwakani, na wazee waliosikia habari za vita kutoka kwa babu zao hawatatungoja.

Watoto wetu wanakariri majina ya miji ya Ulaya wanaposoma Vita vya Kwanza vya Dunia, huku mojawapo ya mapigano makali kuliko yote ya vita hivyo katika Afrika Mashariki yalipiganwa hapa Mahiwa, tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917. Jeshi la Uingereza, ambalo humo walikuwamo askari kutoka Nigeria, India na makoloni ya jirani, likiongozwa na Jenerali Beves, lilishambulia uso kwa uso ngome za Wajerumani. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikwisha kumwona Beves akipigana namna hiyo hiyo kwenye kilima cha Reata mwaka 1916, kwa hiyo alizidi kuimarisha mstari wake pale pale alipotarajia shambulio. Akiwa na watu wapatao 1,500, aliwatia Waingereza hasara ya zaidi ya watu 2,000 kati ya waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea. Naye alipoteza watu wapatao 500 na sehemu kubwa ya risasi zake, hasara asiyoweza kuifidia, na wiki chache baadaye, tarehe 25 Novemba, alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

Ujuzi wa Wajerumani wa kupigana porini haukutoka katika vyuo vya Ulaya. Ulitokana na vita vya kuwatiisha watu kama sisi. Kwenye nyanda za juu za Makonde, Machemba, mtawala wa Wayao, alimjibu Wissmann, mwakilishi mkuu wa Wajerumani, mwaka 1890 kwa barua ya Kiswahili kwamba haoni sababu ya kumtii, na vichaka vizito vya huko vilimlinda miaka mingi hadi alipohamia Msumbiji mwaka 1899. Mwaka 1891 Wahehe walivizia kikosi cha Zelewski, kamanda wa Kijerumani, huko Lugalo kikiwa safarini kwa mstari mrefu, wakamuua yeye na sehemu kubwa ya watu wake. Wajerumani walijifunza kwa machungu kwamba msafara mrefu msituni ni mawindo. Mwaka 1914 jeshi lao la koloni lilikuwa na askari wa Kiafrika wapatao 2,500 katika kampuni 14, na kila kampuni ilikuwa na bunduki zake za rashasha na wapagazi wake, ili iweze kutembea na kupigana peke yake. Lettow-Vorbeck mwenyewe alikwisha kupigana Namibia dhidi ya Waherero na Wanama.

Somo baya kuliko yote lilitokea katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, ambavyo moto wake ulifika Liwale, Nyangao na Masasi. Rashasha zilipowaua wapiganaji bila kuumaliza upinzani, serikali ya Götzen, gavana wa Kijerumani, iligeukia chakula: mashamba na maghala yakateketezwa, njaa ikafuata, na wanahistoria wanakadiria kwamba walikufa watu 250,000 hadi 300,000. Sisi tunaona kwamba kuyaita hayo mbinu za kijeshi tu ni kuwapunguzia haki waliokufa.

Waingereza nao walijifunza. Kikosi chao cha King's African Rifles, kilichokuwa na batalioni 3 mwaka 1914, kilifika batalioni 22 vita vilipokwisha, kwa kuwa waliona kwamba askari wa Ulaya na India walikuwa wakidhoofishwa na malaria. Wareno nao walivuka Ruvuma mwaka 1916, wakaiteka Newala, kisha wakafukuzwa. Hivyo madola matatu yaligombea mto ambao ndugu wa Kimakonde na Kiyao walikuwa wakiuvuka kwenda kuoana na kuzikana.

Askari hao wote walikula na kupata risasi kwa migongo ya wapagazi. Wengi wao walikufa kwa njaa na maradhi, na walio wengi hawana kaburi lenye jina. Ndiyo sababu makabati ya kwanza tumeyatenga kwa ajili yao: majina yatakayotajwa na koo zao yataandikwa daftarini na wanafunzi wa kidato cha tatu, wakisimamiwa na walimu wa historia, na sauti za wazee zitahifadhiwa pamoja nayo.

Harambee itafanyika shuleni Jumamosi ya kwanza ya Novemba, kuanzia saa tatu asubuhi. Kwa kuwa ni msimu wa korosho, wakulima wanaopenda kukatwa kiasi chochote katika malipo yao wajiandikishe kwa watendaji wa vijiji kabla ya siku hiyo. Saruji, mbao na vioo vitapokelewa pia. Wenye picha, barua au vifaa vya zamani tunawaomba wasivitoe moja kwa moja. Tutavipiga picha na kuwarudishia siku hiyo hiyo. Fedha zipokelewe na mhasibu wa shule kwa stakabadhi tu, na hesabu yote itabandikwa kwenye ubao wa matangazo kila mwisho wa mwezi.