Jiwe limeziba barabara: lini lipuliwe, lini lisiguswe na baruti

Masika yakikolea na mawe kuporomokea barabarani, swali linaloletwa zaidi ofisini kwetu, sisi tunaoyavunja, ni moja: kulipua jiwe moja ni shilingi ngapi? Bei haiwezi kutajwa hapo hapo, kwa sababu baruti yenyewe ndiyo kitu cha gharama ndogo kwenye ankara. Kinachokula fedha ni uchorongaji, yaani kutoboa mashimo kwenye jiwe, vibali, ulinzi, na muda ambao barabara inafungwa. Na mara nyingi jiwe hilo halihitaji baruti kabisa.

Anza na uzito. Pima urefu, upana na kimo, kisha zidisha. Jiwe la mita 2.5 kwa 2 kwa 1.8 linatoa mita 9 za ujazo, lakini hilo ni sanduku, na jiwe la mviringo hujaza karibu nusu tu ya sanduku lake. Chukua mita 4.7. Miamba ya Usambara na ya upande wa Iringa ina uzito wa takriban tani 2.7 kwa mita ya ujazo, hivyo una jiwe la tani 12 na ushee. Eskaveta ya tani 20 haiwezi kuliinua. Mkono ukinyooshwa, tani tatu au nne zinatosha kuiyumbisha. Kulisukuma inawezekana, ila uliza kwanza linasukumwa kwenda wapi. Barabara ya Mombo hadi Lushoto ina nyumba, mashamba na mto upande wa chini. Jiwe likishaanza kubingiria huko, hakuna wa kulizuia.

Kama eskaveta yenye nyundo ya haidroli inaweza kufika, tumia hiyo. Jiwe la ukubwa huu huvunjika kwa saa chache bila kumhamisha mtu. Fundi asikae na ncha ya nyundo sehemu moja zaidi ya sekunde 15 hadi 30: jiwe lisipopasuka ahamie pengine, vinginevyo ncha inapata moto na kulika huku jiwe likitoa vumbi tu. Apige akianzia ukingoni kuingia ndani, na jiwe la mviringo lizuiwe kwa vifusi pande zote ili lisiteleze.

Pasipofikika kwa mashine, au palipo na nyumba, nguzo za umeme au bomba la maji karibu, tunapendekeza unga wa kupasulia. Ni chokaa maalumu inayovimba ikichanganywa na maji. Huchorongwa mashimo ya milimita 38 hadi 40, umbali wa sentimita 30 hadi 40 kati ya shimo na shimo kwa mwamba mgumu, kina cha asilimia 80 hadi 90 ya kimo cha jiwe. Mfuko wa kilo 5 huchanganywa na lita 1.5 za maji safi na ya baridi, na uji huo umiminwe ndani ya dakika 10. Kila mita ya shimo hula kilo mbili hivi. Kesho yake jiwe lina nyufa za kupitisha mtaimbo, bila kelele wala kitu kuruka.

Kazi hii huharibika hasa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni joto. Unga huuzwa kwa madaraja ya halijoto, na wa maeneo ya baridi ukitumiwa Mombo saa saba mchana hutapika kutoka shimoni kama risasi. Kwa hiyo miwani ni lazima, na hakuna kuchungulia shimo lililojazwa, hata kama lina saa tano limetulia. Ya pili ni maji kuzidishwa ili uji uteleze vizuri. Uji mwepesi unamiminika kwa raha, na jiwe halipasuki.

Sasa baruti. Inafaa mawe yakiwa mengi na makubwa, barabara ni kuu na haiwezi kusubiri hadi kesho, na eneo linaweza kuondolewa watu. Njia sahihi ni kuchoronga shimo hadi kupita kidogo katikati ya jiwe, kuweka chaji ndogo, yaani kipimo cha baruti kinachohesabiwa kwa gramu, kisha kuziba shimo sawasawa kwa mchanga au kokoto ndogo. Kuziba ndiko kunakoifanya gesi ipasue jiwe kabla ya kutoroka. Hesabu ya chaji na ufungaji wa fataki, kile kiwashio cha baruti, ni kazi ya mlipuaji mwenye cheti peke yake. Inategemea ufa aliouona wakati wa kuchoronga, kiasi jiwe lilivyozama udongoni, na aina ya mwamba. Ufa uliojaa tope hupitisha gesi upande mmoja, na upande huo ndio unaorusha vipande.

Kuna wanaotaka baruti iwekwe juu ya jiwe na kufunikwa kwa udongo, ili wakwepe gharama ya kuchoronga. Tunakataa. Njia hiyo hula baruti mara nyingi zaidi, nguvu yake kubwa inaishia hewani, madirisha ya kijiji yanavunjika, na lami iliyo chini inapata kipigo ambacho hakikuwa cha lazima.

Jiwe lililo peke yake barabarani ni hatari kuliko mwamba wa machimbo, kwa kuwa liko wazi karibu pande zote na vipande vinaweza kuruka popote. Ndiyo maana watu huondolewa hadi mita 500 hata kwa chaji ndogo, na jiwe hufunikwa kwa mikeka mizito na viroba vya mchanga. Chini na kando yake tunamwaga udongo laini wa sentimita 30 au zaidi ili kulinda lami. Radi ikisikika, kazi inasimama na watu wanaondoka. Chaji ikigoma, hakuna anayelisogelea jiwe kwa nusu saa au zaidi kufuatana na aina ya fataki, na shimo lililogoma halichorongwi tena kamwe.

Lakini kabla ya yote hayo kuna mlima. Jiwe limetoka mahali, na mahali hapo pana kovu jipya lenye rangi ya kung'aa. Maji ya mvua yakishaingia kwenye nyufa, mtikisiko wa mlipuko unaweza kushusha kilichobaki juu ya vichwa vya wanaosafisha barabara. Lazima mtu apande akague: nyufa za udongo juu ya kovu, miti iliyoanza kuinama, chemchemi inayotoa tope. Mawe yaliyolegea yanashushwa kwa mitaimbo kutoka juu kwenda chini, mafundi wakiwa wamefungwa kamba, barabara ikiwa imefungwa. Kama mvua bado inanyesha, tunasubiri, hata mteja akikasirika.

Kuhusu vibali: baruti Tanzania inasimamiwa na Sheria ya Baruti ya mwaka 1963 kupitia sekta ya madini, na barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Hakuna kulipua bila meneja wa barabara kujua, polisi kufunga njia na mtendaji wa kijiji kutangaza. Mwenye umeme au bomba karibu naye apewe taarifa mapema. Baruti na fataki hazisafirishwi zikiwa zimechanganywa.

Ombi moja kwa wanakijiji wenye haraka: msichome matairi juu ya jiwe lililo barabarani kisha kulimwagia maji. Kweli jiwe hupasuka, lakini lami inayeyuka na shimo linalobaki litasumbua magari muda mrefu baada ya jiwe kusahaulika.

Ukitaka makadirio, tutumie vipimo vitatu vya jiwe, picha ya pande zote nne ikiwa na mtu au ndoo kando yake, na picha ya mlima wote juu yake. Taja pia nyumba, nguzo au kalavati ya karibu iko hatua ngapi, na kama lori lenye kompresa, mashine ya upepo ya kuchorongea, linaweza kulifikia jiwe kutokea upande wa juu au wa chini wa barabara. Picha ya mlima ndiyo inayosahaulika zaidi, na bila hiyo hatutoi bei.