Barua kwa Mama Salma: watoto waogelee wapi Downieville

Downieville, California
9 Juni

Mpendwa Mama Salma,

Salamu nyingi kwako, kwa Baba Salma na kwa watoto. Barua yako nimeipata. Unauliza kama mkija mwisho wa mwezi huu watoto wataweza kuogelea mtoni. Mtoni bado. Njooni, ila watoto muwapeleke kwenye kidimbwi cha Sand Pond kule juu. Mto tuuache mpaka mwishoni mwa Julai.

Sababu ni theluji. Juu yetu hapa mto North Yuba hauna bwawa kubwa la kuuzuia, kwa hiyo hujaa na kupungua kadiri theluji ya Sierra Nevada inavyoyeyuka, na Mei na Juni ndiyo miezi yake. Wageni wengi hawajui kwamba theluji huyeyuka kwa jua la mchana, lakini maji yake huchukua saa kadhaa kutufikia. Mto basi huongezeka jioni na usiku, hata kama mbinguni hakuna wingu. Mawe mliyokanyaga asubuhi kuvukia ng'ambo yanaweza kuwa yamezama jioni, na nyinyi mko huko huko ng'ambo.

Halafu kuna baridi. Maji yakiwa chini ya nyuzi 15, mtu akijitosa ghafla pumzi humruka. Hupumua kwa kuhema bila kujizuia kwa dakika moja au mbili, na kichwa kikiwa chini wakati huo anavuta maji. Hata mwogeleaji hodari wa bahari ya kwetu hilo humpata. Aingie polepole, ajimwagie usoni na kifuani kwanza, asimame mpaka pumzi itulie.

Kabla ya kuondoka nyumbani, angalieni kwenye intaneti kipimo cha mto kilichoko chini ya Goodyears Bar. Kwangu mimi, kikizidi futi za ujazo 500 kwa sekunde, mtoto haingii hata miguu. Mkishafika, tupeni kijiti majini halafu mtembee nacho sambamba ukingoni. Kikiwaacha kwa mwendo wenu wa kawaida, hapo si pa kuogelea, hata kama maji yanaonekana ya magotini.

Mkija tena Agosti, pa kwanza ni hapa hapa mjini, pale mto Downie unapokutana na North Yuba. Wengine hupenda Union Flat, upande wa kwenda Sierra City. Mimi naona Indian Valley, kule chini, ni afadhali kwa watoto, maana maji huzidi kupata joto kadiri yanavyoshuka. Msijihimu sana: korongo ni jembamba, na jua huchelewa kufika majini. Kabla ya saa tano mtakaa kivulini mkitetemeka. Ndala ziacheni garini, vaeni viatu vya kufunga, kwa sababu mawe yana utelezi wa mwani.

Mkondo ukimchukua mtu, kosa kubwa ni kutaka kusimama. Mguu huingia kati ya mawe mawili, maji yanamsukuma mgongoni, anainama mbele na hawezi kuuchomoa. Wafundisheni watoto kulala chali, miguu juu na imetangulia kule maji yanakokwenda, kisha wapige mikono kwa mshazari kuelekea ukingoni. Mti ulioanguka mtoni ni wa kukwepwa kabisa: maji hupita katikati ya matawi, mtu hapiti. Mtu mzima mmoja akae chini kidogo ya waogeleaji na kamba ya mita 15 au 20 mkononi. Na kabla ya kuruka kutoka mwambani, mmoja ashuke kwanza apime kina, kwa sababu mafuriko ya masika huhamisha changarawe. Shimo la mwaka jana huenda mwaka huu limejaa.

Sand Pond ni habari nyingine. Kutoka hapa fuateni barabara ya 49, mpite Sierra City, mkifika Bassetts mkate kushoto barabara ya Gold Lake. Baada ya kilomita mbili hivi kateni tena kushoto kuelekea Sardine Lakes. Kina chake ni kifupi, hakina mkondo, na jua hukipasha mapema kuliko maziwa makubwa ya jirani. Chini ni mchanga, tena mchanga wa mawe yaliyosagwa enzi za mgodi wa dhahabu wa Young America. Juu yake vinasimama vilele vya Sierra Buttes, zaidi ya mita 2,600. Gold Lake ni zuri la kutazama, lakini upepo wa mchana huliamsha mawimbi, na boya la kupuliza huondoka na mtoto juu yake. Watoto wavae jaketi la kujiokolea. Likishafungwa, mnyanyue kwa mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno kwake. Ngurumo ikisikika, wote nje, na wasirudi mpaka nusu saa ipite kimya.

Kichocho ulichouliza hakipo huku, wala mamba. Kuna mwasho wa ngozi unaotokana na konokono na bata wa ziwani, huisha wenyewe baada ya siku chache. Kujifuta kwa taulo mara tu mtu anapotoka majini husaidia. Maji ya mto msiyanywe bila kuchemsha. Huku korongoni kuna poison oak, upupu wa huku, majani matatu matatu yanayong'aa. Na kabla ya kuketi juu ya mwamba wenye joto, tazameni kama hakuna nyoka wa njuga.

Jazeni mafuta Grass Valley au Nevada City, na mnipigie mkiwa huko huko, kwa sababu mkishaingia korongoni simu hazishiki.

Wako,
Rehema