Mashindano yetu ya mshipi hayataki kofia, yataka barafu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako maana hili jambo limenikaa rohoni toka msimu wa upepo wa kaskazi uliopita. Mimi ni mvuvi wa hapa Malindi, nimevua samaki kwa mshipi tangu ujana na sai miguu haiko sawa, kwa hivo wenzangu wamenitia kwa kamati ya mashindano ya wavuvi wa mtaani, kazi yangu kutafuta wadhamini. Wallahi afadhali kudungwa na mwiba wa samaki taa.

Kila mtu hapa ajua kuanzia Novemba mpaka Februari hivi, samaki sulisuli wakishaingia, kule kwa maboti makubwa ya wageni ni sherehe. Mashindano yao hayakosi mdhamini. Sina ubaya nao, mabaharia wao ni vijana wetu, na siku hizi sulisuli na nduwaro wanawatia tagi wanawaachia waende zao, jambo zuri. Na sifa ya Malindi kwa mshipi si ya jana, hata yule mwandishi Hemingway wa Marekani alikuja kuvua huku 1934. Lakini sisi wa ngalawa na mashua tukibisha hodi tunaambiwa wacheni barua hapo kwa meza, tutawapigia. Hio simu mpaka leo haijalia.

Sasa kaskazi iliopita tukapata mmoja, alhamdulillahi, kampuni ya hapa hapa mjini, siitaji. Tukangoja kwa hamu. Siku mbili kabla ya mashindano ikaja gari, yakashuka makatoni, kufungua ni kofia. Kofia tupu zina jina la kampuni mbele, na bango moja la plastiki urefu wake kama mashua. Jamani mvuvi atoka saa tisa usiku, kofia ya nini? Mafuta tukachangisha wenyewe, barafu haikutosha, nguru na kolekole wakaanza kulegea pale pale juani kabla hawajapimwa, mwisho mnunuzi akaja akawakata bei nusu. Aliyeshinda alivaa kofia mpya akaenda nyumbani na deni la petroli.

Lakini niseme ukweli, lawama si yao peke yao, na hapa najua wenzangu wa kamati watanikasirikia. Sisi hatujui kuomba. Twaenda Novemba, wakati hoteli zimejaa Wataliano na meneja hana hata nafasi ya kunywa chai, na hela za mwaka ashazipangia zamani. Wakati wa kuomba ni msimu wa kusi, mwezi wa tano, mwezi wa sita, mji umelala na meneja yuko ofisini apiga mwayo, hapo atakusikiza. Na ukienda usiseme "twaomba msaada", manake huyo mtu kila siku aombwa misaada, msikiti, harambee, matanga, timu ya mpira. Mwambie kitu chenye jina: twataka barafu ya siku mbili, ama petroli ya boti mbili za kulinda, ama jaketi za kuokolea ishirini ambazo zitabaki kwa BMU, kile kikundi chetu cha wavuvi cha kusimamia ufuo, baada ya mashindano. Mwenye kiwanda cha barafu kutoa barafu haimuumi sana, lakini ukimwambia atoe laki moja atakutoa mlango wa nyuma.

Halafu kuna hii ya pesa kupita kwa simu ya mtu. Kuna mwaka mdhamini alituma hela kwa namba ya mmoja wetu na hesabu yake haikuonekana mpaka wa leo, sasa ukienda duka lile lile wanakuangalia tu. BMU ina akaunti na ina daftari, pesa ziingie huko, na mashindano yakiisha hesabu ibandikwe ukutani pale bandarini kila mtu asome, mdhamini apelekewe nakala yake hata kama alitoa gunia moja la barafu.

Meneja mmoja mama alinipa somo ambalo sijalisahau. Aliniuliza, "Mzee, boti ikipinduka na jina langu liko kwa tanga, nitasema nini?" Nikanyamaza, maana ni kweli. Akauliza tena kama tutavua kwa nyavu, kama tutaingia kule parki ya bahari, ile iliowekwa tangu 1968 na haivuliwi. Watu wa biashara waogopa jina lao lisije likaonekana karibu na juya la kukokota na vifaranga vya samaki. Kwa hivo safari hii sheria tumeandika kabisa, mshipi peke yake, hakuna wavu, hakuna kuingia parki, samaki mdogo hapimwi, na chombo kisicho na jaketi za watu wote hakitoki. Hio karatasi ndio ya kwanza kumuonyesha mdhamini, kabla hata hujataja barafu.

Na yeye apate nini? Bango la plastiki lavunjwa na upepo siku moja. Mimi nasema jina lake lipakwe rangi kwenye tanga la ngalawa, fundi wetu wa matanga alipaka moja kwa majaribio na likasomeka toka ufukweni vizuri tu, tanga hilo lipite mbele ya hoteli asubuhi na jioni kaskazi nzima, watalii wapige picha bure. Tena samaki wauzwe kwa mnada hapo hapo, hoteli iliodhamini iwe ya kwanza kununua jodari na nguru waliotoka majini asubuhi hio. Yaani arudi na kitu.

Barua za mwaka huu tumeanza kuzipeleka wiki jana, bado ni kusi, bahari chafu na maji ya mto Sabaki yamegeuza pwani yote rangi ya chai ya maziwa. Tumeenda kwa saba, wawili wametukaribisha kiti. Mmoja ashakubali barafu. Jaketi bado, na bila jaketi hatutoki, kwa hivo mwenye duka la vifaa vya baharini akisoma hapa, tuko pale bandarini kila siku baada ya swala ya alasiri, aulize tu kamati ya mshipi, ataonyeshwa.

Mvuvi mzee,
Shela, Malindi