Lalamiko lako kuhusu darasa la historia

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na lalamiko nimelielewa. Studio, yaani darasa lenu la kubuni na kuchora majengo, inakula usiku kucha, halafu asubuhi unaburutwa kwenye mhadhara wa makuba ya watu waliokufa zamani. Unauliza historia na nadharia zitakufaa nini ilhali watahini wanataka kuona jengo lako. Nitakujibu kama msanifu majengo kwanza, umama baadaye.

Unasoma historia kwa kukariri jina, mwaka na mtindo, basi. Kwa mwendo huo hata mimi ningesinzia. Chukua Hagia Sophia, lile kanisa la kale la Constantinople, Istanbul ya leo. Najua daftarini umeandika kwamba ilijengwa kati ya 532 na 537 kwa amri ya Kaisari Justinian, wabunifu wakiwa Anthemius na Isidore. Sawa. Je, ulijiuliza kwa nini kuba yake ya kwanza iliporomoka mwaka 558? Ilikuwa bapa mno. Uzito wa kuba hauendi chini tu, unasukuma kuta kwa nje pia, na kadiri kuba inavyolala ndivyo msukumo huo unavyozidi. Kuta zilikwisha kuanza kuegemea nje, kisha matetemeko ya ardhi yakazidisha tatizo. Isidore mdogo, mpwa wa yule wa kwanza, alipoijenga upya aliinyanyua takriban mita 6 zaidi, ikakamilika 562. Baadaye, katika karne ya 10 na ya 14, vipande vyake vilianguka tena, lakini kila mara waliirudishia umbo lile lile la mpwa, na ndilo unaloliona leo.

Sasa weka karatasi ya kunakilia juu ya mchoro wa mkato wa jengo lile, ule unaolionyesha kama limekatwa wima katikati, shika penseli, fuata uzito kuanzia kileleni: unapita wapi, unapokelewa na nini, unafikaje ardhini. Ukimaliza, fanya hivyo hivyo kwa Pantheon, hekalu la kale la Roma. Upana wa kuba ni mita 43.3, zege tupu bila chuma ndani, na bado imesimama tangu karne ya 2. Utaona walivyobadilisha mchanganyiko wa zege kadiri walivyopanda: mawe mazito chini, mepesi ya volkano juu, unene ukipungua kutoka mita 6 hivi hadi kama mita 1.2 penye tundu lililo wazi kileleni. Swali ni moja, majibu mawili. Kisha urudi kwenye ule ukumbi wako wa kusomea usio na nguzo, uniambie paa lako linasukuma wapi. Katika michoro uliyonitumia sikuona ukuta wala boriti ya kulipokea, na mtahini makini ataliona hilo kabla hujafungua mdomo.

Nadharia nayo nitakukubalia nusu. Kuna maneno mengi makubwa huko ambayo kazi yake ni kufunika mchoro dhaifu. Ukimsikia mtu anazungumza robo saa nzima bila kuonyesha mlango uko wapi, una haki ya kupiga miayo. Lakini nadharia ya kweli ni dai, na dai hupimwa. Mwaka 1927 msanifu Le Corbusier alitangaza kanuni zake tano za usanifu mpya, mojawapo ikiwa paa bapa lenye bustani. Akaja akaijenga Villa Savoye, nyumba ya familia karibu na Paris, kwa kanuni hizo, ikamalizika 1931, na mwenye nyumba akawa anamwandikia barua kulalamika kwamba mvua inaingia ndani. Mimi nyumba ile naipenda mno. Ule mteremko wa ndani unaokupandisha taratibu hadi juani hauna mfano. Yote mawili ni kweli, nawe uyaseme yote mawili kwenye insha yako.

Halafu msome Hassan Fathy, msanifu wa Misri. Katika miaka ya 1940 alibuni kijiji cha Gourna Mpya karibu na Luxor kwa matofali ya udongo, na paa zake za kuba zilijengwa kwa ufundi wa Wanubi, usiohitaji mbao za kushikilia wakati wa kujenga. Kazi safi, na vifaa vya pale pale. Hata hivyo wanakijiji wengi walikataa kuhama, kwani riziki yao ilitegemea makaburi ya kale waliyoishi juu yake, na serikali ilitaka kuwatoa huko. Hilo huwezi kuliona kwenye ramani hata uitazame vipi. Linapatikana ukisoma nani aliagiza jengo, nani alilipa na nani hakuulizwa.

Kwa insha ya mwisho wa muhula, usichague kipindi kizima kama ulivyopanga. Chagua jengo moja, tena dogo, uchore mkato wake mwenyewe kabla ya kuandika sentensi ya kwanza. Ukishindwa kuuchora mahali fulani, hapo ndipo pa kuanzia insha.

Na ule ukumbi, nitumie mkato mpya kabla hujauwasilisha. Kipimo cha 1:50, unene wa paa uonekane. Sasa umama: lala.

Mama yako