Mbawala wa Minnesota

St. Cloud, Minnesota
Novemba

Kwako Baba Rehema,

Assalaam aleikum. Mimi mzima, ila vidole vya miguu ndiyo kwanza vinaanza kurudi mwilini. Kwenye simu nilikuambia habari hii nitakuandikia, maana mambo ya kusikia nusu nusu huku salio linakata siyawezi. Basi agiza chai, ukae.

Nimewinda. Usicheke! Mimi yule yule niliyekimbia nikaacha ndala zote mbili siku mjomba alipokamatwa na waya zake za kutegea wanyama, nimewinda mchana kweupe na karatasi ninayo mfukoni. Na wewe siku hizi ndiye askari wa wanyamapori wa kijiji, kwa hiyo nakuripotia mwenyewe kabla hujaletewa umbea.

Huku nao wana WMA, maeneo yaliyotengwa kwa ajili ya wanyamapori, herufi tatu zile zile mlizonazo hapo Mbarang'andu. Tofauti ni kwamba yenu ni ardhi ya vijiji, mliitenga nyie wenyewe, na hizi ni ardhi za jimbo. Mwaka 1951 waliona wakulima wanakausha mabwawa yote wapande mahindi, bata na ndege wengine wanakosa pa kwenda, basi jimbo likaanza kununua kipande hapa, kipande pale. Leo viko zaidi ya 1,400, jumla ekari kama milioni 1.3. Unafika, unakuta kibao na kijiwanja cha kokoto cha kuegesha gari, basi. Hakuna geti wala mtu wa kukuuliza unatoka wapi. Oktoba nilikuta mama mmoja mzee ana darubini shingoni anahesabu ndege, na kijana na mbwa wake wanafukuza kwale fulani wenye mikia mirefu, na wote wana haki sawasawa. Kwa kawaida kupiga hema marufuku, na pikipiki hazikanyagi humo.

Bunduki niliazima kwa mzee mmoja wa kazini. Lakini kwanza darasa: aliyezaliwa baada ya mwaka 1979 hapewi leseni mpaka apite somo la usalama wa silaha. Nikajikuta nimekaa na watoto wa miaka 11! Tulipofika kwenye zoezi la kuvuka senyenge, mimi nikaipandia na bunduki mkononi. Katoto ka kike nyuma yangu kakasema taratibu, "Toa risasi kwanza, uilaze chini upande wa pili, ndiyo upite." Nilimshukuru. Nilipata alama 42 kati ya 50, yeye sijui, sikuuliza.

Siku yenyewe nilikwenda na Msomali mmoja tunayefanya naye kazi. Saa kumi na moja alfajiri tuko matetini, makoti yetu ya rangi ya machungwa yanang'aa kama ya mafundi wa barabara. Hiyo ni sheria, ili mwenzio asikudhanie mnyama. Baridi, ndugu yangu, nilikuwa nasikia meno ya mwenzangu kutoka hatua kumi. Kufyatua kunaruhusiwa kuanzia nusu saa kabla ya jua. Jua likachomoza, likapanda, hakuna kitu. Panya tu. Saa tano hivi ndipo akatoka, bila sauti, jike. Mbawala kabisa, ila mkubwa zaidi, na akishtuka ananyanyua mkia, chini yake mweupe kama leso. Nilisema Bismillah nikafyatua.

Nikwambie ukweli wangu: kitu cha kwanza nilichofanya sikumtazama mnyama. Niligeuka nyuma kuangalia nani anakuja.

Alikwenda hatua themanini, akalala. Tulimkuta bado anatweta. Msomali akatoa simu kutafuta kibla, mimi naelekeza kaskazini kama nyumbani, yeye anabisha. Kumbe huku kibla ni kaskazini mashariki. Tukamgeuza, nikachinja. Mkono ulikuwa unatetemeka na kisu kilikuwa butu kidogo, hilo naliombea msamaha. Nikamfunga lebo ya leseni, nikamsajili kwa simu pale pale. Halafu tukamburuta kilomita nzima kwenye tope, maana gari haliingii. Baridi yote ile na mashati yameloa jasho.

Leseni ilikuwa dola 34, chini ya mshahara wangu wa saa mbili. Na ukinunua risasi, ndani ya bei kuna kodi ya asilimia 11, ambayo kwa sheria ya mwaka 1937 inarudi kutunza wanyama na hizo ardhi. Kwa hiyo mwindaji ndiye anayelipia pori. Sheria yao inasema wanyama ni wa jimbo kwa manufaa ya watu wote. Sasa hebu itazame ya kwetu Tanzania ya mwaka 2009: wanyama ni mali ya umma, Rais ni mdhamini tu kwa niaba ya wananchi. Maneno ni ndugu! Lakini mjomba alifungwa kwa mbawala mmoja, na mgeni anashuka na ndege ndogo kuja kupiga nyati.

Najua utakavyonijibu. Utasema kibali cha kuwinda cha mwenyeji kipo, aende akakate. Sawa, lakini bunduki yenye leseni, hapo kijijini wanayo wangapi? Utasema pia huku hakuna tembo wa kulala kwenye shamba la mtu, na waya hauchagui mwenye mimba. Hapo umenishinda, sibishi.

Na usidhani huku ni peponi. Ardhi hizi zilikuwa za Waojibwe na Wadakota. Waojibwe wa Mille Lacs waliahidiwa mwaka 1837 kwamba wataendelea kuwinda na kuvua kwenye ardhi waliyoiachia serikali, na ilibidi wafike Mahakama ya Juu ya Marekani, mwaka 1999, ndipo ahadi ikaheshimiwa. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka bibi yako alivyokuwa anasimulia kuhamishwa kutoka Liwale kwa sababu ya malale.

Kwenye mkutano wa jumuiya ya WMA yenu, mlishawahi kuuliza kama kitoweo cha wanakijiji kinaweza kuingia kwenye mgawo wa wanyama wa kuwindwa, hata wanyama watatu kwa msimu, wapigwe na nyie askari? Nijibu kwa kirefu, usinitumie vidole gumba.

Picha nimemtumia Rehema kwenye simu yake. Mwonyeshe mjomba. Atauliza nilimtegea wapi.

Wasalimie wote, mama Rehema kwanza.

Wako,
mwenye ndala mpya

N.B. Akipatikana mtu wa kuja huku, nitumie pilipili za kwenu. Nyama imejaa friza na za hapa haziwashi.