Ikilinganishwa na nini?

Mhariri,

Sera ya mazingira ikitimiza mwaka, magazeti, la kwako likiwemo, hutuletea habari ya aina moja: zamani ilikuwa hivi, leo ni vile, basi sera imefaulu au imefeli. Naomba waandishi wako wawe wanauliza swali moja kabla ya kwenda mitamboni: ikilinganishwa na nini?

Nina sababu. Kati ya 2011 na 2013, wenye misitu katika vijiji 60 vya Uganda magharibi waliahidiwa malipo ili wasikate miti. Vijiji vingine 61 havikuahidiwa chochote, na nani aingie, nani abaki nje, iliamuliwa kwa bahati nasibu. Baadaye watafiti wakasoma picha za satelaiti. Kwenye vijiji vya malipo, eneo lenye miti lilikuwa limepungua kwa asilimia 4.2. Mwandishi mwenye haraka angeishia hapo na kichwa cha habari angekuwa nacho tayari: fedha zimeliwa, miti imekatwa. Ila katika vile 61 upungufu ulikuwa asilimia 9.1. Zaidi ya nusu ya miti ambayo ingeanguka ilibaki imesimama, na tusingelijua hilo kama si vijiji ambavyo havikuonja hata shilingi.

Kosa la upande wa pili lilitokea jiji la Mexico. Mwaka 1989 kila gari lilipangiwa siku moja ya wiki ya kutoingia barabarani, kwa kufuata tarakimu ya mwisho ya namba yake. Amri ilitiiwa, na ukihesabu utiifu utaipigia makofi. Mchumi Lucas Davis alihesabu kingine: vipimo vya hewa vya saa kwa saa. Katika utafiti wake wa 2008 hakuona dalili kwamba hewa ilikuwa imesafika. Magari ndiyo yaliyokuwa yameongezeka, mengi yakiwa yaliyokwisha kutumika. Mwenye gari la pili lenye namba nyingine ana la kuendesha kila siku.

Nakiri swali langu nalo lina mtego, hasa tukija kwenye ajira, ambako ndiko kelele ziliko. Mchumi Michael Greenstone alionyesha kwamba kati ya 1972 na 1987, kaunti za Marekani zilizobanwa zaidi na sheria ya hewa safi zilipoteza ajira zipatazo 590,000 zikilinganishwa na zile zisizobanwa. Wapinzani wa sheria huipenda sana namba hiyo, lakini maneno yale manne ya mwisho huyaacha. Kiwanda kikihama kutoka kaunti iliyobanwa kwenda isiyobanwa, kazi moja huhesabiwa mara mbili: imetoka huku, imeingia kule. Taifa huenda halikupoteza kitu, ingawa aliyeachwa nyuma bila kazi hapati nafuu kwa hesabu hiyo.

Kwa hiyo ombi langu lina tarehe. Waandishi wako waliulize swali hili siku ya uzinduzi, viongozi wakiwa bado jukwaani: nani ataanza, nani atasubiri, na nani anapima tangu leo? Sera ikishawashwa nchi nzima siku moja, hakuna kijiji kilichobaki cha kulinganishia.

Msomaji wako wa kila siku