Usimzike Husserl mapema: barua kwa mtoto wa kaka yangu

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Umeniandikia kwamba mada ya tasnifu umeshaikata: utaonyesha kuwa hemenutiki, yaani falsafa ya kufasiri na kuelewa, iliiua fenomenolojia, yaani falsafa ya kuyatazama mambo yanavyotudhihirikia, na kwamba Edmund Husserl, mwasisi wa fenomenolojia hiyo, leo ni wa kusomwa kama historia tu. Nakujibu hadharani kwa sababu wenzako wengi wamefundishwa hivyo hivyo, na jambo hili linaniuma.

Tuanze na alichokitaka Husserl mwenyewe. Katika Uchunguzi wa Kimantiki, uliotoka mwaka 1900 na 1901, aliwaita wanafalsafa warudi kwenye mambo yenyewe: waziweke kando nadharia zilizorundikana juu ya kitu, wakitazame kinavyomdhihirikia mtu. Kwa mwalimu wake Franz Brentano alipokea wazo kwamba ufahamu hauwi mtupu. Ukikumbuka, unakumbuka jambo. Ukiogopa, kuna unachokiogopa. Baadaye akataka tusimamishe kwa muda ile imani ya kila siku kwamba dunia iko tu pale, ili tuone inavyotujia. Hakusema dunia haipo, na wanaomsoma hivyo wanamdhulumu.

Nenda Matondoni, kijiji cha waunda majahazi huko Lamu, usimame penye jahazi lililopandishwa pwani kutengenezwa. Unaona ubavu mmoja. Wa pili huuoni, ila hakuna anayerudi nyumbani akasema ameona nusu jahazi. Umeliona zima, na ubavu uliofichika umo katika kuona kwako, unaungoja ukizunguka. Huo ndio upeo anaouzungumzia Husserl. Sasa asimame hapo fundi wa kalafati, azibaye kwa pamba nafasi zilizo kati ya mbao. Yeye hatazami mbao tupu kwanza halafu akazipachika maana. Anachokiona moja kwa moja ni mshono uliolegea, pamba iliyooza, safari isiyowezekana mpaka kazi iishe. Amefasiri kabla hajafungua kinywa.

Hapo ndipo alipoingilia Martin Heidegger, mwanafalsafa Mjerumani aliyemfuata Husserl. Kuwapo na Wakati, kitabu chake cha mwaka 1927, kinasema kuelewa ni kukichukua kitu kama kitu fulani, na kwamba hatukifikii mikono mitupu: tuna tulichokwisha kukishika, upande tunaotazamia na dhana tulizotangulia nazo. Katika kifungu cha 7 anaandika kwamba maelezo ya kifenomenolojia yenyewe ni kazi ya kufasiri. Lakini angalia kilichapishwa wapi. Kilitoka katika kitabu cha mwaka kilichohaririwa na Husserl, na kilitabarukiwa kwa Husserl. Katika chapa ya mwaka 1941 tabaruku ile iliondolewa. Husserl, Mjerumani wa asili ya Kiyahudi, alikuwa ameshafariki tangu 1938, na Heidegger alikuwa mwanachama wa chama cha Wanazi tangu 1933. Mimi siwezi kulipita jambo hilo kama habari ndogo. Hata hivyo tanbihi ya kumshukuru mwalimu ilibaki ndani, na deni lenyewe limo katika kila ukurasa.

Utaniambia hemenutiki ilikuwapo kabla yao. Kweli. Wajerumani wawili wa karne ya kumi na tisa walitangulia: Schleiermacher alitafuta kanuni za kuelewa maandishi yoyote, na Dilthey akaifanya hemenutiki msingi wa elimu zote zinazomhusu binadamu. Swali lao kubwa lilikuwa la mbinu: tutamwelewaje aliyeandika? Fenomenolojia ndiyo iliyolisogeza swali likawa: kuelewa ni nini hasa, kwa kiumbe ambaye kuishi kwake ni kuelewa? Gadamer naye, mwanafunzi wa Heidegger, katika Ukweli na Mbinu (1960), anapozungumzia upeo wa msomaji kukutana na upeo wa maandishi, neno upeo alilikuta kwa Husserl.

Ninayetaka umsome taratibu ni mwanafalsafa Mfaransa Paul Ricœur. Alitekwa vitani mwaka 1940 akakaa kifungoni kwa Wajerumani mpaka 1945, na huko alianza kukitafsiri kwa Kifaransa kitabu cha Husserl cha mwaka 1913. Karatasi zilikuwa adimu, kwa hiyo aliandika pembezoni mwa kurasa zilezile, kama wanavyuoni wetu walivyojaza hashiya katika vitabu vyao. Tafsiri hiyo ilitoka 1950. Mtu wa namna hii hakuja kuzika. Mwaka 1975 alitoa hoja yenye pande mbili: hemenutiki haiwezi kusimama bila fenomenolojia, na fenomenolojia haiwezi kujijenga bila kufasiri. Anachokikataa ni ule udhanifu wa Husserl, kwamba nafsi inaweza kujitazama hadi ikawa chanzo cha kila maana. Tasnifu yako inachanganya udhanifu huo na fenomenolojia nzima.

Chukua Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir juu ya magofu ya mji wa Pate. Huwezi kumuuliza alikusudia nini, na Pate aliyoiona haipo tena. Utenzi umetoka mkononi mwake. Ricœur anauona umbali huo kuwa ndio unaoyapa maandishi nafasi ya kusema na watu ambao hawakuandikiwa, na anaulinganisha na lile tendo la Husserl la kusimamisha: tunarudi nyuma kidogo kutoka katika maisha ili maana yake ionekane. Lakini soma pale mshairi anapoonyesha makinda ya popo yananing'inia juu, na katika zidaka, yaani vishubaka vya ukutani vilivyowekwa sahani, sasa wamelala makinda ya ndege. Ukikimbilia kusema popo ni mauti na kidaka ni dunia, umefasiri bila kuona. Lazima kwanza kidaka kikudhihirikie, na ndege palipokuwa na sahani. Mtoto aliyekulia Mkomani, mtaa wa Lamu, anayezijua kuta za ndani za nyumba zetu, atakiona upesi, na huo nao ni upeo. Kuona na kufasiri havipokezani zamu hapo, vinafanyika pamoja.

Ndiyo maana simfuati Heidegger mpaka mwisho. Ricœur anaiita njia ya Heidegger njia fupi, inayoruka moja kwa moja hadi kwenye swali la kuwapo, na yeye Ricœur anachagua njia ndefu ya kupitia alama, maandishi na historia. Kwetu yenye faida ni hiyo ndefu. Mnigeria Theophilus Okere, katika kitabu chake cha 1983, alishikilia kwamba utamaduni peke yake bado si falsafa. Unazaa falsafa unapofasiriwa. Kazi hiyo inahitaji mtu anayejua kutazama.

Kwa hiyo ivunje sura yako ya kwanza. Soma kifungu cha 7 cha Heidegger, kisha makala ya Ricœur ya 1975, kisha Tafakuri za Kidekati, zilizotokana na mihadhara ya Husserl ya Paris ya mwaka 1929. Humo, anapoeleza ninavyomjua mtu mwingine kuwa mtu kama mimi, utamkuta Husserl mwenyewe anafasiri. Nakala yangu iko kwenye kabati la chini, utaichukua ukija kwa Maulidi.

Shangazi yako